Tarehe ya kukabidhi inateleza kila mara: dalili, chanzo na la kufanya

Mwongozo huu ni wa mtu anayesimamia timu ndogo ya mradi, watu wanne hadi kumi na wawili, wanaotengeneza kitu ambacho mteja anakisubiri. Mifano mingi ni ya timu za programu za kompyuta kwa sababu ndizo ninazozijua zaidi, lakini ofisi ya wasanifu majengo, ya uchapaji au ya ukaguzi wa hesabu itajiona humu.

Nianze na jambo linalobadilisha namna ya kutafuta chanzo. Kazi ikichelewa, kwa kawaida haikuchelewa mikononi mwa mtu. Ilichelewa ikiwa imekaa. Chukua kazi yoyote mliyoikabidhi karibuni, panga siku zake zote kuanzia siku ilipoanzwa hadi mteja alipoipokea, kisha weka alama kwenye siku ambazo kuna mtu aliigusa kweli. Siku zisizo na alama ndizo nyingi: ilikuwa inasubiri majibu, inasubiri kukaguliwa, au imewekwa kando kwa sababu kuna nyingine iliyoingia kwa kelele. Ukimwambia developa (mwandika programu) aongeze kasi wakati kazi imelala foleni, unapaka dawa mahali pasipouma.

Kwanza, namba tatu

Usianze na kikao cha kulaumiana. Tafuta namba hizi, zinapatikana kwa mchana mmoja.

Kazi ngapi ziko wazi leo, yaani zimeanzwa lakini hazijakabidhiwa? Hesabu hata zile ambazo watu wanaona aibu kuzitaja.

Kazi ngapi hukamilika kwa wiki, kwa wastani wa miezi miwili iliyopita? Kukamilika maana yake mteja ameipokea na anaitumia. "Mimi upande wangu nimemaliza" haihesabiki.

Na kazi 20 za mwisho, kila moja ilichukua siku ngapi tangu kuanzwa hadi kupokelewa? Kama hamna ubao wa kazi (kila kazi ina kadi yake, inayosogezwa kutoka kushoto kwenda kulia hadi ikabidhiwe) wala mfumo wa tiketi (programu ya kuandikisha kazi), tarehe zimo kwenye barua pepe na kwenye kundi la WhatsApp la mradi. Rudi nyuma uzisome.

Dalili: Kila mtu yuko bize, hakuna kinachotoka

Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na nyingine nyingi zinazaliwa humo.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni moja ya foleni ambayo haina mchezo: wastani wa kazi zilizo ndani ni sawa na kasi ya kutoka ukizidisha na muda ambao kila moja hukaa ndani. Igeuze upande wa pili. Kama kazi 24 ziko wazi na timu inatoa 4 kwa wiki, kila kazi itakaa ndani wiki 6 kwa wastani, hata kama yenyewe inahitaji siku mbili za mkono. Zikiwa wazi 12, kwa timu ileile na kasi ileile, ni wiki 3. Hakuna aliyeongeza bidii, hakuna aliyekesha.

Kila mtu amewahi kuona jambo hili kwa fundi cherehani wiki ya mwisho ya Ramadhani. Amepokea vitambaa vya mtaa mzima kwa sababu hakutaka kumkatisha mtu tamaa. Amekata vyote, ameunga mikono ya hii na kola ya ile, na usiku wa kuamkia Idd ana magauni arobaini yasiyovalika. Angeshona kumi kwanza hadi vifungo, watu kumi wangekuwa wamevaa.

Thibitisha hivi: gawa kazi zilizo wazi kwa idadi ya watu. Ikifika tatu au zaidi kwa kila mtu, usiendelee kutafuta chanzo kingine, umekipata.

La kufanya ni kuweka kikomo cha kazi zilizo wazi na kukiandika juu ya ubao mahali pa kuonekana. Timu ya watu sita ianze na nane. Namba yenyewe si takatifu, ipunguzeni hadi ianze kubana, maana kubana ndiko kunakoonyesha kazi inakwama wapi. Anayemaliza kazi yake haendi kuchukua mpya. Anatazama upande wa kulia wa ubao, karibu na mlango wa kutokea, na kuuliza kuna nini cha kusaidia hapo. Toyota walifanya hivyo viwandani kwa kadi tangu enzi za mhandisi wao Taiichi Ohno: kituo hakitengenezi kipya mpaka kadi irudi kusema cha zamani kimechukuliwa.

Pingamizi utakalolisikia, hasa kutoka kwa mwenye kampuni, ni kwamba mtu atakaa bure na analipwa. Jibu lake ni hesabu. Katika mfano wa kawaida wa foleni, mhudumu mmoja na kazi zinazoingia bila mpangilio, mhudumu akishughulika asilimia 80 ya muda wake, kazi husubiri kwa wastani mara 4 ya muda unaohitajika kuihudumia. Akifika asilimia 90 ni mara 9. Asilimia 95 ni mara 19. Kwa hiyo bosi anayefurahia kuona kila mtu ameinama kwenye kompyuta kutwa nzima anatazama foleni inayokua. Mwonyeshe namba hizo, usibishane naye kwa hisia.

Dalili: "Imebaki kidogo tu," na leo ni wiki ya tatu

Asilimia za ukamilifu zifutwe kabisa kwenye ripoti zenu. Asilimia 90 ni kauli ya mtu anayetaka uondoke mezani kwake, na hailazimiki kupanda.

Chanzo mara nyingi ni kimoja kati ya viwili. Ama kazi ni kubwa mno, kiasi kwamba hata anayeifanya haoni mwisho wake, ama hamkukubaliana mwisho ni upi. Developa anaona mwisho ni pale ukurasa unapofunguka kwenye mashine yake. Mteja anaona mwisho ni pale karani wa Mwanza anapotoa risiti bila kupiga simu kuuliza. Kati ya hapo kuna majaribio, kuhamisha data za zamani, mafunzo na kusahihisha makosa. Nusu ya kazi ilikuwa haijatajwa.

Andika mistari mitatu au minne kwenye kila kadi: itahesabika imekwisha pale ambapo hivi na hivi vimetokea. Kisha kata. Kazi ambayo haiwezi kumalizika ndani ya wiki mbili igawanywe vipande ambavyo kila kimoja mteja anaweza kukiona na kukijaribu. "Moduli ya malipo" haifai kuwa kadi. "Mwanafunzi analipa ada kwa simu na risiti inatoka" inafaa. Marejesho na ripoti ya mwezi zitakuwa kadi zao.

Dalili: Kikaoni wote walisema Ijumaa inawezekana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya usimamizi vimeandikwa na watu wa ofisi ambazo kijana wa miaka 24 anaweza kumwambia mkurugenzi "hapana" mbele za watu. Ofisi zetu nyingi haziko hivyo. Mkuu akiuliza, "Ijumaa tutakuwa tumemaliza, sivyo?" swali hilo lina jibu moja tu la adabu. Kijana anajibu, "Sawa mkuu, tutajitahidi." Mkuu anasikia ahadi. Kijana amesema hataki kugombana. Wote wawili wanatoka kikaoni wameridhika, na tarehe imeshakufa.

Utaijua dalili hii kwa kusikiliza maneno. "Tutajitahidi", "nadhani itakuwa tayari", "Mungu akipenda" linalosemwa haraka huku mtu anatazama chini. Hayo ni majibu ya heshima, na ukiyapokea kama makadirio kosa ni lako wewe uliyeuliza.

Kumhimiza kijana awe jasiri hakusaidii. Badili swali. Usiulize kama inawezekana, uliza, "Nini kinaweza kuizuia isitoke Ijumaa?" Sasa adabu inamtaka akusaidie kwa kutaja vikwazo, na atavitaja: hajapata nywila za seva, mteja hajaleta nembo, yule dada wa majaribio yuko likizo. Au weka tarehe mbili mezani na uulize ipi angeweka shilingi laki moja yake mwenyewe. Na maoni yakusanywe kuanzia kwa mdogo kwenda kwa mkubwa; mkubwa akishataja namba yake kwanza, zote zitakazofuata zitaizunguka.

Kuna ndugu yake wa dalili hii: tarehe iliyotolewa na mtu wa mauzo mezani kwa mteja, ili mkataba usainiwe, na timu ikaisikia baadaye. Mtu wa mauzo hana nia mbaya, hana tu namba ya kutaja. Mpe moja. Inakuja hapa chini.

Dalili: Makadirio yalifanywa kwa makini, bado tumekosa

Wanasaikolojia Buehler, Griffin na Ross walichapisha mwaka 1994 utafiti wao kuhusu wanafunzi wa Kanada waliokuwa wanamalizia tasnifu. Kwa wastani wanafunzi walikadiria siku 34. Walipoulizwa ingekuwaje kila kitu kikienda vibaya, walisema siku 49 hivi. Kwa kweli walitumia 55. Yaani hata makadirio yao ya mabaya yote yalikuwa na matumaini kupita kiasi, na hao walikuwa wanakadiria kazi yao wenyewe. Mtu anapokadiria anaiona kazi ikitembea. Haioni ikiwa imekaa.

Tumia siku zilizopita badala ya kubuni. Tuseme kazi zenu 20 za mwisho, zikipangwa kutoka fupi hadi ndefu, zilichukua siku hizi:

3, 4, 4, 5, 6, 6, 7, 7, 8, 9, 9, 10, 11, 12, 13, 15, 18, 21, 26, 40

Wastani ni karibu siku 12. Ukimwahidi mteja siku 12, kazi 14 kati ya 20 zitafika kwa wakati na 6 zitachelewa, karibu moja kati ya tatu. Ndiyo maana watu wanaotumia wastani huonekana waongo ingawa hesabu yao ni sahihi. Sasa hesabu hadi ya 17 katika orodha: siku 18. Ahadi ya siku 18 ingetimia kwa kazi 17 kati ya 20, yaani asilimia 85. Hiyo ndiyo namba ya kumpa mtu wa mauzo, na aitamke hivyohivyo: "Kazi za namna hii, 17 kati ya 20 tunazikabidhi ndani ya siku 18 tangu tuzianze." Mteja mzoefu ataliheshimu jibu hilo kuliko "wiki ijayo bosi wangu, usijali."

Tahadhari mbili. Siku 18 zinaanza pale kazi inapoanzwa, si pale mteja alipopiga simu. Kama kuna kazi 12 mbele yake na mnaanza 4 kwa wiki, ongeza wiki tatu, au usitoe tarehe kabisa hadi zamu yake ifike. Na usichanganye makundi: kubadili rangi ya kitufe na kuunganisha mfumo na benki haziwezi kuwa kwenye orodha moja ya siku.

Ile kazi ya siku 40 usiifute kwa kusema ilikuwa ya kipekee. Isome. Kwa uzoefu wangu kazi za namna hiyo zina historia inayofanana: zilianzwa, zikasimama kumsubiri mtu wa nje, zikasahaulika, zikafufuliwa na malalamiko.

Chanzo kingine ni utegemezi. Sehemu nne za mradi zikitengenezwa na watu wanne, na kila mmoja ana uhakika wa asilimia 80 wa kumaliza Ijumaa, uwezekano wa zote nne kuwa tayari Ijumaa ni 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani asilimia 41 tu. Hakuna aliyekadiria vibaya, ila mkusanyaji anapoteza. Ama punguza sehemu zinazolazimika kukutana siku moja, ama acha siku kadhaa tupu mbele ya siku ya kukutana, na siku hizo ziwe za mradi wote. Ukizigawa mojamoja kwa watu, kila mmoja atazila kabla hazijahitajika.

Na kama makadirio yenyewe yanakula muda wa timu, kuna mfano mzuri wa kujifunza. Timu moja ya matengenezo ya programu ya Microsoft, iliyokuwa Hyderabad nchini India mwaka 2004, ililazimika kusimamisha kazi kila ombi jipya lilipofika ili kulikadiria, na maombi mengi kati ya hayo hayakufanywa kamwe. Waliacha kukadiria, wakaweka kikomo cha kazi zilizo wazi, na muda wa ombi kutoka kuingia hadi kutoka ukashuka kutoka miezi kadhaa hadi wiki chache.

Dalili: Kazi imekwisha, lakini haijatoka

Safu ya "tayari" kwenye ubao imejaa na mteja bado analalamika. Nenda ukasome kadi zake: hii inasubiri idhini ya mkurugenzi wa fedha wa mteja, hii inasubiri kampuni ya simu kuwasha namba ya malipo, hii inasubiri ukaguzi wa duka la programu. Wasimamizi wengi huziondoa kadi hizi kwenye hesabu kwa kuwa "si kosa letu". Mteja hajali kosa ni la nani. Zihesabu ndani ya kikomo, na ziandike tarehe zilipoanza kusubiri pamoja na jina la ofisi inayosubiriwa. Ombi la idhini lipelekwe siku kazi inapoanza, si siku inapoisha.

Kisha tazama kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali Tanzania, Kenya na Uganda unafungwa 30 Juni. Kama wateja wenu ni wizara, halmashauri au kaunti, Mei na Juni kila mmoja atataka kazi ikabidhiwe ili hati ya malipo itoke, na maofisa wanaotakiwa kusaini watakuwa wamezama kwenye bajeti. Usiahidi kukabidhi katikati ya Juni kitu kinachohitaji sahihi tatu. Idd nayo hutegemea mwandamo wa mwezi, basi usipange makabidhiano siku yoyote kati ya zile mbili tatu zinazoweza kuangukiwa na sikukuu. Baada ya tarehe 15 Desemba sipangi kitu chochote kinachomhitaji mteja ajibu.

Dalili: Dharura kila siku

Mzee ametuma ujumbe wa sauti saa tatu usiku, moja kwa moja kwa developa: kile kitu cha yule mheshimiwa kiwe tayari asubuhi. Developa anaacha alichokuwa anafanya. Asubuhi kazi tatu zimechelewa na hakuna anayejua kwa nini.

Dharura ya kweli ipo. Mfumo wa malipo ukizima, kila kitu kisimame. Kwa hiyo fungueni njia yake: nafasi moja tu juu ya ubao, dharura moja kwa wakati mmoja, na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuiweka hapo. Ikija ya pili, anayeileta achague ipi ishuke. Kila dharura iandikwe pamoja na kazi iliyosukumwa na siku ilizopoteza. Baada ya mwezi mpelekee mzee orodha hiyo bila maneno makali: "Mzee, hizi ndizo tulizozipisha, na hizi ndizo tarehe zilizosogea." Wengi hawakuwahi kuambiwa gharama yake. Akishaiona na bado akaendelea, basi ongeza siku kwenye kila ahadi yako kwa kiwango ambacho dharura zinakula, maana hiyo ndiyo kasi halisi ya kampuni yenu.

Dalili: Tumeongeza watu, tumechelewa zaidi

Fred Brooks, aliyesimamia programu endeshi ya kompyuta za IBM System/360, aliliandika hili mwaka 1975: kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Wageni hufundishwa na walewale waliokuwa wanafanya kazi, na njia za mawasiliano huongezeka haraka kuliko watu. Watu watano wana jozi 10 za kuzungumza. Wanane wana 28. Kama lazima uongeze, ongeza mapema, au wape wageni majaribio, nyaraka na simu za wateja, ili wenyeji wabaki na kazi yenyewe.

Dalili: Tarehe imeshapotea, mteja bado hajui

Hii haina haja ya kutafuta chanzo kwanza. Mpigie leo, kabla hajauliza, na usitume ujumbe badala ya kupiga simu. Usimpe tarehe mpya kwenye simu hiyo, kwa sababu utamwambia ile anayotaka kuisikia. Mwambie utampa tarehe kesho mchana, kisha kaa na timu: mmebaki na kadi ngapi, kwa kasi yenu ya kweli ni wiki ngapi, kipi kinaweza kukatwa au kuja awamu ya pili. Kesho yake mpelekee chaguo mbili zilizoandikwa: vyote kwa tarehe ya mbali, au vile vitatu anavyovihitaji kweli kwa tarehe ya karibu. Mara nyingi ana kikao chake mwenyewe au mkubwa wake anayemsubiri, na kuna kipande kimoja tu kinachohitajika siku hiyo. Muulize ni kipi, mkianze hicho, na kadi nyingine za mradi huo zirudi foleni mpaka kitoke.